Nyumba Iliyonyamaza

Mimi ni kipofu, si mjinga. Kwa miaka kumi na minane niliishi peke yangu katika nyumba ya marehemu mume wangu hapa Likasi: sakafu ya saruji, kuta tupu, mabati juu. Nikipiga ulimi, ta!, ukuta unanijibu. Sauti ikibanwa, najua ni korido. Ikikimbia mbali, najua mlango wa jikoni uko wazi. Sikuwahi kumwaga hata kikombe.

Mwanangu Germain akasoma kwenye simu kwamba vipofu wanahitaji nyumba tulivu. Akanipeleka kwa dada yangu, kule Kapolowe, kwa wiki mbili. Niliporudi, majirani walikuwa wamejaa sebuleni wakinisubiri.

“Mama, ni surprise! Tuliweka plafond, tapis, na sponji ku mur yote. Makelele ya mvula haitakusumbua tena,” akasema Germain. Dari chini ya mabati, zulia sakafuni, sponji kwenye kuta zote.

Nikapiga ulimi. Kimya. Nikapiga tena. Nyumba yangu ilikuwa imekufa, na watu wanapiga makofi. Hatua ya tatu nikagonga kabati kwa uso.

“Utazoea, mama,” akasema Viviane, mke wa Germain, akinishika mkono. Hajauachia mpaka leo. Ananipeleka kitandani, ananipeleka mezani, kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Nilimsihi Germain.

“Minye nasikiaka ukuta, mwana. Unitoshee bile bintu, ubiondoe byote.”

Akacheka. “Mama, weye hauone. Utajua je kama haiko muzuri?”

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na Germain hakuwa amelala kwangu tangu aoe. Sasa analala. Mwezi uliopita walihamia, eti siwezi tena kukaa peke yangu. Namsikia akiwaambia wageni kwamba mama amezeeka ghafla. Nina hasira na mtoto niliyemzaa mwenyewe, na ninaona aibu kuwa nayo.

Chumba kimoja hawakukigusa: choo. Walisema choo ni choo tu, sponji ya nini? Kila asubuhi najifungia humo, napiga ulimi, na kuta zote nne zinanijibu. Hapo najua nilipo. Nakaa sana.

Leo Viviane amebisha mlango.

“Mama, tumbo iko inakuluma tena?”

“Eé,” nimemjibu. “Iko inaniluma sana.”