Dagaa wa Kilwa kwenye Gunia la Tanga

Shadia alikuwa mtu wa vichwa na matumbo. Vichwa na matumbo ya dagaa. Katika chuo alichofundisha pale Morogoro, meza yake ilinuka pwani nzima: kopo la Tanga, kopo la Bagamoyo, kopo la Kilwa. Mpishi humwona dagaa mchele ni yuleyule popote alipovuliwa. Shadia hakumwona hivyo. Wa Tanga aliokuwa amewapima walikuwa wembamba, vichwa vimechongoka. Wa Kilwa walijaa tumboni, na macho yao makubwa. Si kila mmoja, maana wembamba na wanene wapo kila bahari. Lakini ukimwaga gunia zima, sura ya kwao hujitokeza, kama ukoo unavyojitokeza msibani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye lori amegeuka mfanyabiashara. Dagaa walifika Morogoro kwa magunia, wakapanda milimani hadi Kinole, wakaenda Turiani kwa wakata miwa. Njiani walifuatwa na wanaume wenye mapanga. Mwezi wa mfungo lori la Eustace, mfanyabiashara wa dagaa pale sokoni Morogoro, lilizuiwa karibu na Mikese. Dereva, Ignas, mdogo wake Eustace wa tumbo moja, alikutwa mtaroni shingo imekatwa hadi mfupani. Shehena yote ya dagaa wa Kilwa ilikuwa imetoweka.

Idi ilipopita, Shadia alikwenda sokoni kutafuta dagaa wa kupima. Akasimama kwa Kasiani, Mluguru wa Kinole aliyependwa kwa utani wake.

"Karibu mwalimu! Hawa wa Tanga, wameingia juzi. Jaza kopo lako."

Shadia akachota konzi, akawatandaza kiganjani. Akachota tena, safari hii kutoka chini ya gunia. Akacheka.

"Kaka Kasiani, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hawa si wa Tanga. Yatazame matumbo haya! Wa Kilwa hawa, wote."

Alisema kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani ugenini, tena kwa sauti ya darasani. Hakujua kwamba Eustace alikuwa kibanda cha pili.

"Umesema wa wapi, mwalimu?"

Kabla Shadia hajajibu, Eustace alikuwa amekwisha kulishika gunia. "Nani kakuuzia, Kasiani?"

"Nimenunua tu, kaka."

"Kwa nani?"

"Kwa... kwa watu."

Eustace akanyakua jiwe la mizani, akamtandika nalo mdomoni. Meno yakadondokea kwenye dagaa. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Neno hilo sokoni halina mwenyewe, likishatupwa, kila mtu huliokota. Wapagazi wakatua mizigo. Wauza nyanya wakaruka meza. Kasiani alivutwa kwa miguu hadi uwanjani, shati limempanda kichwani, na gongo la kwanza likatua juu ya goti lake. Goti likapinda upande ambao goti halipindi.

"Sikusema ni mwizi!" Shadia alipayuka. "Kilwa kuna wavuvi wengi! Dagaa hawamjui mwenye gunia!"

"Msomi keshathibitisha!" akajibu mpagazi mmoja, na umati ukapokea: "Keshathibitisha! Keshathibitisha!"

Shadia akasukuma, akauma mkono uliomzuia, akajitupa juu ya Kasiani. Gongo lililokusudiwa kichwa cha yule bwana likaangukia mkono wake. Aliusikia mfupa ukilia kabla hajasikia maumivu. Chini yake Kasiani alikuwa akitema damu na maneno.

"Castory! Castory wa Dakawa, muuza mpunga! Alisema nikimtaja atanichinjia wanangu!"

Eustace alisikia. Jiwe likamtoka mkononi. "Basi!" akasema. "Jamani, basi! Keshataja!"

Lakini ugomvi haukuwa wake tena. Walimsukuma kando kama mpita njia. Tairi lilikuwa limekwisha kuletwa, na mwanamume mwenye fulana nyekundu alikuwa akifungua dumu la petroli. Shadia aliinusa harufu ile, akafumba macho, akaanza kutoa shahada.

Mwamvita, mama ntilie wa pale pembeni, alitupa mwiko. Aliinua sufuria la maharage likichemka, akammwagia mwenye dumu shingoni na mgongoni. Yule mtu alilia kilio cha mnyama, dumu likaanguka, watu wakatawanyika kuogopa petroli ile karibu na moto wa jikoni. Katika upenyo huo Eustace na Mwamvita wakawaburura majeruhi hadi buchani. Muuza nyama akakaa mlangoni na shoka lake la kukatia mifupa. Wa kwanza aliyejaribu kupita alipoteza vidole viwili. Hakuna aliyejaribu tena mpaka polisi walipokuja na kufyatua risasi hewani.

Castory alikamatwa Dakawa, turubai la lori la Eustace likiwa limefunika mpunga wake. Alimkata askari bega kabla hajapigwa risasi ya paja. Alifungwa yeye na wenzake wawili. Eustace naye alifungwa kwa kumjeruhi Kasiani, wala hakujitetea.

Kasiani alikatwa mguu.

Shadia alipanda Kinole plasta ikiwa bado mkononi. Mkewe Kasiani, Jesca, alikuwa ameketi uani mbele ya mlango, akianika pilipili manga.

"Hodi hapa, dada."

Jesca hakuinua uso. "Wewe ndiye mwalimu wa dagaa?"

"Ndimi. Nimekuja kumwona kaka, na kuomba radhi."

"Ingia, basi, ukauangalie mguu uliobaki. Utuambie ni wa Tanga au wa Kilwa."

Shadia akasimama palepale, kanga yake imelowa jasho. Sauti ikatoka ndani, yenye kitembe cha mtu asiye na meno ya mbele.

"Mama Lukasi, mwache. Nilijua magunia yale si ya halali. Sikujua kuwa yana damu, lakini nilijua." Kitanda kikalia akijigeuza. "Hata hivyo, mwalimu, ungeninong'oneza."

"Ningekunong'oneza," alisema Shadia, na machozi yakamtoka.

Jesca aliendelea kutandaza pilipili. Kisha, bila kumtazama, akasogeza miguu yake ili Shadia apate njia.