Suruali ya Kwaya

Nakutegea kitendawili wewe unayenisikiliza: nimemfukuza mgeni mwembamba mwenye moto kichwani, wakaingia wanono kwa mlango uleule. Umeshindwa? Basi nipe mji. Mlango ni mdomo, mgeni mwembamba ni sigara, na hao wanono utawajua sasa hivi.

Pale Lufingo, Anyelwisye alivuta sigara tangu ujana, mpaka kifua kikawa kinalia kama paka. Daktari akamwambia achague, sigara au pumzi. Akaacha. Mkewe Ikupa akafurahi mno, akajipa kazi: kila mkono wa mumewe ulipopapasa mfuko wa shati, yeye aliuwekea kitu. Ndizi ya kuchoma. Karanga. Kikombe cha maziwa ya mgando, na kingine juu yake. Kifua kikatulia. Tumbo nalo likaja mbele, likawa linaingia nyumbani kabla ya mwenyewe.

Huku kwetu mume akinenepa, sifa ni za mke. Wanawake walimwambia Ikupa njiani, ndaga, yaani ahsante, unajua kutunza, naye alitembea na sifa hizo kama kitenge kipya. Hakuona kwamba mumewe alikuwa amehamia mstari wa nyuma wa kwaya ya kanisa, tumbo lisionekane.

Ikakaribia siku ya kwaya kwenda kuimba kule Kinyala, na suruali nyeusi ya sare ikagoma kufunga. Wakaipeleka Tukuyu kwa Hashimu, fundi cherehani ambaye babu yake alitoka pwani. Hashimu akaigeuza, akatazama mshono.

"Mzee wangu, kitambaa cha akiba cha mshono nilikimaliza safari ile ulipoileta. Sasa nitie kiraka nyuma, au tumwombe mama apunguze ndizi?"

Watu kibarazani wakacheka. Ikupa naye akacheka, tena kwa sauti, maana aliona anasifiwa. Anyelwisye hakucheka. Walipotoka alisimama kibandani, akanunua sigara moja, akaitia mfuko wa shati.

Ikupa aliiona. Akauliza taratibu, "Baba Sekela, unataka nikufanyie nini?"

Anyelwisye akashika njia. Wakapanda kwenda kwao, ukungu ukiwafuata.

Sigara ile haikuwashwa, lakini haikutupwa. Kila akibadili shati aliihamisha. Ikupa angeweza kuificha, ila kibandani zilikuwepo nyingine. Akawaza sana. Akakumbuka saa mbaya kuliko zote ilikuwa jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, mkono ukikosa kazi. Basi akamwambia kijana wa bodaboda asije tena kuchukua maziwa. Akampa mumewe ndoo kubwa, akajitwika ndogo, wakawa wanayapeleka wenyewe kwa miguu mpaka kituo cha maziwa, kilima chote kile. Hakumtajia tumbo. Anyelwisye alihema mwanzoni, baadaye akawa anaongea njiani habari za ng'ombe na za mvua. Swali lile hakuligusa.

Kule Kinyala waliimba vizuri, suruali ya Anyelwisye ikiwa na kiraka nyuma, na Ikupa akiwa amewasindikiza. Wenyeji wakaleta ndizi na nyama, na mama mmoja mcheshi akamjazia Anyelwisye sahani ya pili. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana, kila mtu anajua.

"Ikupa, umemnenepesha kama ndama! Sisi wetu tuwalete kwako?" akauliza yule mama.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkono wa Anyelwisye ukapanda kwenye mfuko wa shati, ukabaki hapo.

Ikupa akaivuta sahani ile mapajani mwake.

"Msinisifu kwa hilo," akasema. "Huyu ameacha sigara ya tangu ujana. Hiyo ndiyo kazi, na ameifanya mwenyewe. Mimi nilimjaza tu. Chakula chenu ni kitamu, nitakimaliza mimi."

Akakimaliza kweli, na yeye alikwishashiba, jasho likimtoka puani. Yule mama mcheshi akamwongezea maji ya kunywa.

Wakati wa kurudi walibaki nyuma ya wenzao, Ikupa akitembea polepole kwa kushiba. Kando ya shamba la chai Anyelwisye akaitoa sigara, imeshapinda. Akaisagia topeni kwa kisigino.

"Uliniuliza nataka unifanyie nini," akasema.

"Niliuliza."

"Nilitaka wakinicheka, wewe usicheke nao."