Tundu Lililobaki

Usiku wa kuamkia leo niliota mashua ya mume wangu imelazwa ubavu ufukweni, inakohoa. Mume wangu ni Lali, na mashua hiyo ilikuwa ishushwe leo asubuhi, maji ya bamvua yakijaa. Bamvua likipita, chombo kinabaki mchangani kusubiri jingine. Safari hii siipendi tangu ilipotajwa, na wasiwasi wangu niliingia nao ndotoni.

"Nimiminie maji," mashua inaniambia.

Ndivyo tufanyavyo huku. Kabla ya kushusha chombo, humiminwa maji ndani, na yanapochuruzikia nje ndipo penye ufa. Hapo fundi hupiga kalafati, yaani hushindilia pamba iliyolowa mafuta ya nazi. Nikamimina ndoo nzima. Mbao zikabaki kavu. Maji yakatoka sikioni mwa Lali.

"Basi chombo ni kizima," anasema fundi Shekuwe, ambaye katika ndoto hii ni nyundo yake tu, haina mtu wa kuishika. "Anayevuja ni mwenyewe. Mzibe, Mama Nuru, maji yanajaa."

"Nimzibe na nini? Pamba imekwisha."

"Mto unaolalia una nini ndani?"

Mara tuko chumbani kwetu, mashua imeegemea kabati. Nachana mto, nachovya pamba kwenye mafuta, naziba. Masikio yote mawili, pua, nyufa za visigino. Lali ametulia tuli, anauliza tu kama chai ipo. Namwonea huruma.

Bahari ikabisha hodi. Ikavua viatu mlangoni kwa adabu, ikaketi kitandani, shuka likalowa.

"Karibu," nasema. "Umefuata nini?"

"Nimemfuata huyu. Lakini maliza kazi yako, shemeji, mimi sina haraka. Limebaki tundu moja tu, hapo kifuani."

Nikatia mkono ndani ya mto. Mtupu.

Nikaamka. Kumekucha, Lali amesimama mlangoni, keshavaa, anachokonoa sikio. Nje wenzake wanamwita, maji yameshafika chini ya mashua.

"Mama Nuru, sikio limeniziba tangu niamke."

Akachomoa kitonge cha pamba kinachonuka mafuta ya nazi, akakitazama, akakitupa. Nikapapasa chini ya kichwa changu. Nimelalia foronya tupu.

"Usiende leo, Baba Nuru."

"Ile kalafati nimeikagua mwenyewe. Haipitishi hata tone."

"Najua. Mashua ni nzima."

Nikainuka nikamwendea. Shati lake nililipiga pasi jana, nikalitundika likiwa kavu. Sasa lina unyevu kifuani, mdogo, unatanuka polepole. Nikaweka kiganja hapo, nikakandamiza.

"Una nini wewe?" akaniuliza, huku akicheka kidogo.

Nje wakamwita tena. Sikuutoa mkono.