Restituta wa Kichwa cha Nyuma

Wema wa Ujiji hakuwa mtu wa kujigamba, lakini Jumapili ile baada ya misa ulimi ulimponyoka. Aliwatangazia wanawake wa jumuiya yake kwamba bintiye, Restituta, amefuzu udereva wa treni, na Jumanne saa tatu asubuhi angetoka Kigoma na treni ya mizigo. "Njooni kwenye kivuko cha reli pale mlimani, mwone kwa macho yenu."

Walikuja kumi na mmoja, vitenge viunoni, miguu imelowa matope ya mvua ya alfajiri. Aliyewatangulia ni Joanitha, muuza mawese, ambaye akikushika kwa neno hakuachii mpaka Krismasi. Tangu mwanzo alisema huyo msichana hana treni anayoendesha, labda anakata tiketi. Leo ama Joanitha ama Wema angerudi sokoni ameinamisha uso, na Wema alilijua hilo.

Honi ikalia. Treni ikatokea konani, inapanda polepole, kichwa kinanguruma. Wema akainua mikono yote miwili. Dirishani akachungulia dereva mkongwe, Mzee Gervasi, na ndevu zake nyeupe, na kando yake msaidizi, mwanamume mwenye kipara. Wakawapungia kwa heshima, wakapita.

Mikono ya Wema ikabaki juu.

"Hongera, Mama Resti," alisema Joanitha. "Mwanao ameota ndevu."

Kicheko kikalipuka. Mabehewa yakapita, matangi yakapita, na Wema akatamani ardhi immeze. Wote pale walizoea treni ya abiria, ambayo kichwa chake ni kimoja na kiko mbele. Kikishapita, kilichobaki ni madirisha na watu wanaotafuna mahindi. Hakuona cha kusubiri.

Ndipo mkiani kikatokea kichwa kingine. Dirishani alikuwa Restituta, kavaa kizibao cha rangi ya machungwa, uso kaukunja kwa kazi.

"Ni yeye!" Wema alipiga kelele.

"Ni yeye kweli," alisema Joanitha. "Wamemfunga nyuma kama mbuzi wa mnadani. Anavutwa!"

Na kama vile kumkomoa Wema, treni ikasimama. Reli zilikuwa na utelezi. Huko mbele magurudumu yalisikika yakizunguka bure. Kisha honi ya mbele ikalia mara mbili. Ya nyuma ikajibu mara mbili. Kichwa cha Restituta kikanguruma, kikatema moshi mweusi, na vyuma vikaanza kugongana behewa kwa behewa, mshindo ukitoka kwake na kukimbilia kwa Mzee Gervasi.

Treni ikasogea.

Wema, aliyekulia ufukweni, alielewa bila kuelezwa.

"Joanitha, mtumbwi mzito ukipandishwa mchangani, wenye nguvu wanakaa wapi?"

"Nyuma," alidakia mwingine. "Majini. Mbele ni wa kushika kamba."

"Na ukirudi nyuma, unamwangukia nani?"

Dirishani Restituta alimwona mama yake, lakini mikono haikutoka kazini.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Sukuma, mwanangu!"

"Sukuma! Sukuma!" wanawake wakapokea, wakitembea sambamba na kichwa cha nyuma, matope yakiruka mpaka kwenye vitenge. Wakakisindikiza mpaka mteremko ulipoanza, treni ikawaacha.

Joanitha alikuwa amebaki kivukoni, mikono kiunoni. Waliporudi akauliza, "Sasa yule mzee wa mbele kazi yake nini?"

"Kuangalia ng'ombe relini," alisema Wema.

Joanitha akacheka mpaka akashika mbavu. Na kesho yake sokoni, aliyesimulia ni yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa, akipimia wateja mawese. Katika simulizi yake kichwa cha mbele kilikuwa kimezimika kabisa, Mzee Gervasi amelala usingizi, na Restituta ameisukuma treni peke yake mpaka Uvinza.

Wema alimsikia kutoka kibanda cha pili. Hakumsahihisha.