Mkono Uliochelewa Kinuni

Kwa miaka ishirini Opoku alitwanga fufu, donge la muhogo na ndizi zilizochemshwa, na mkewe Dufie akaigeuza kinuni, mkono wake ukiingia na kutoka kati ya mapigo bila hata kutazama. Siku moja mkono ulichelewa, mchi ukamkwaruza kucha.

"Vidole vimevimba tena?" Opoku akauliza.

"Baridi tu. Nimepaka mafuta ya shea."

"Mwezi wa tatu huu, Mama Yaw! Kila asubuhi mikono yote miwili imekakamaa mpaka saa nne. Baridi gani hiyo? Sitwangi tena mpaka daktari wa viungo akuone."

Dufie akanuna, lakini wiki nzima bila fufu ilimshinda, akaenda. Daktari akamwambia ni ugonjwa wa viungo, ila amewahi, havijaharibika.

Dawa zilipomkubali, akarudi kinuni.

"Wewe, Baba Yaw! Mkono umefika zamani, mchi uko wapi?"