Nafasi ya Miguu

Mkuu wa skuli ya kisiwani, ng'ambo ya daraja, alifika Junda Jumamosi baada ya adhuhuri. Mbeyu alikuwa anakuna nazi, na bintiye Kafedha anapepeta mchele. Mgeni alikuwa Mzungu mwenye kaptura iliyonyooshwa pasi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrishia wapishi. Alipewa kiti chenye mgongo, akapewa dafu, akalimaliza. Kisha akaeleza haja yake. Alikuwa amemwona Kafedha akikimbia kwenye mashindano ya mkoa, akiwaacha nyuma wasichana wenye viatu. Skuli yake ingependa kuipokea miguu.

"Miguu na nani?" aliuliza Ngowa, baba mtu.

"Miguu," alisema mgeni. "Kwa sasa nafasi ni ya miguu tu. Madawati yamejaa."

Kwa akina Ngowa, mgeni aliyekwisha kunywa chochote hakataliwi akiwa bado ndani ya nyumba. Huitikiwa kwa upole, husindikizwa, na baadaye hutumwa mtu mzima kupeleka jibu lenyewe. Basi Ngowa akaitikia vizuri, akamsindikiza Mzungu hadi garini, akapatana na kaka yake aende kisiwani Jumatatu kukataa.

Jumatatu alfajiri miguu ikatangulia. Kafedha aliiona ikijitoa magotini, ikashuka kitandani, ikajipangusa nyayo mkekani, ikashika njia ya darajani. Haikumuuma. Alijifunika kanga mapajani akamwita mama yake. Alikuwa darasa la nane, mtihani ulikuwa mwaka uleule, na alitaka kupita aende sekondari, kisha akasomee uuguzi. Hakuwa na siku ya kupoteza. Ngowa akampakia kwenye mkokoteni wa jirani, akamsukuma hadi skuli.

Kaka yake Ngowa naye alifika kisiwani na jibu lake. Aliambiwa miguu imeshaandikishwa, iko uwanjani, na inapimwa viatu.

Skuli ya Junda ilikuwa banda la makuti lenye ubao mmoja. Mwalimu Mahfudh alifundisha darasa la saba akielekea mlangoni, na la nane akielekea ukutani. Mvua ikinyesha, madarasa yote yalihamia kona isiyovuja. Aliita wazazi wajadili jambo la miguu.

Mzee Faraj mwenye duka ndiye aliyeanza. "Mimi nasema tushukuru. Leo imekwenda miguu. Inshallah kichwa kitafuata."

"Mzee Faraj," alisema Mwalimu Mahfudh, "ukiuza ngozi ya mbuzi, mbuzi huifuata sokoni?"

Watu wakacheka. Faraj hakucheka. "Wewe Mahfudh wataka abaki hapa asome nini? Hapa pana nini?"

"Hapana kitu," alisema mwalimu. "Nimeomba mabati, nikaletewa chaki. Nimeomba mwalimu wa pili, nikaletewa picha ya Malkia. Lakini waloona kuwa hapa pana mbio, hawakuona kuwa paa linavuja?"

"Maneno hayo kawaambie wao."

"Wewe Faraj nyamaza," alisema Mbeyu kutoka nyuma. "Wanao wavuka daraja na vichwa vyao."

Faraj alitafuta tasbihi mfukoni, akakaa nayo. Kikao kilikwisha kwa kukubaliana kwamba jambo hilo ni zito.

Miguu ilirudi kila magharibi, imevaa soksi nyeupe. Kafedha aliivua soksi, akaivaa miguu yenyewe, akaenda nayo chooni na kisimani. Mwanzoni aliiuliza imesoma nini. Miguu haina masikio, kwa hiyo haikuwa na la kusema. Alichoweza kupata kwayo ni ubaridi wa sakafu ya vigae, na siku nyingine unyevu wa majani yaliyokatwa kwa mashine.

Jioni moja ilirudi na jeraha bichi juu ya mguu wa kulia. Kafedha alipoivaa, maumivu yakamfika, akauma upindo wa kanga. Asubuhi miguu haikwenda kwa sababu ya jeraha, akaenda nayo skuli. Mwalimu Mahfudh alipiga goti akalitazama, akalinusa.

"Tindikali," alisema. "Imepitishwa chumba cha sayansi."

Tindikali walikuwa wameisoma kwa chupa iliyochorwa ubaoni. Mwalimu akawapanga mstari darasa la saba na la nane, wakapita mmoja mmoja kuliangalia jeraha. Aliwaeleza tindikali inavyobabua, na kwa nini ukingo wa jeraha umekuwa mweupe. Kafedha alikaa juu ya dawati ameunyoosha mguu mpaka kengele ilipolia. Lilikuwa ndilo somo zuri kuliko yote mwaka ule, na wengi waliandika.

Siku ya mtihani miguu ilikuwa inashindania kikombe. Ngowa alisukuma mkokoteni. Ndani ya karatasi lilikuwamo swali kuhusu tindikali, na Kafedha aliandika alichokijua: hubabua mguu asubuhi, na maumivu humfikia mwenyewe jioni. Swali hilo alipata sifuri. Kikombe kilichukuliwa. Gazeti lilitoa picha ya miguu ikikata utepe, na chini yake jina la skuli ya kisiwani.

Desemba bendera ikabadilishwa, na Mzungu akarudi kwao. Januari mkuu mpya wa skuli akaja Junda, Mwafrika kijana mwenye tai. Alimwamkia Mbeyu shikamoo, akakalia mkeka, akamuuliza Ngowa habari za kazi yake ya bandarini. Mbeyu alitoka nje akapangusa machozi, kwa kuwa alijua sasa amekuja mtu wa kuzungumza naye.

"Miguu imefaulu," alisema mkuu mpya. "Tunaipandisha kidato cha kwanza. Serikali itailipia kila kitu."

Kafedha alikuwa ameketi pembeni ya mlango. "Na mimi, mwalimu?"

Mkuu mpya alimgeukia. Alimtazama kwa huruma hasa, kama mtu anayetafuta neno zuri.

"Wewe itunze," alisema. "Nchi inaitegemea."

Alipoondoka, Mwalimu Mahfudh alikwenda bomani kuuliza, akarudi na katoni ya chaki. Ngowa alikwenda kazini. Miguu ilirudi magharibi na vumbi jekundu la uwanjani. Kafedha akachemsha maji, akaiosha kwenye beseni, akasugua visigino na katikati ya vidole, akaikausha kwa kanga safi. Akailaza mapema. Asubuhi ilikuwa na mbio.