Mimba ya Mgongo

Mkunga alinilaza chali mkekani, akanipaka mafuta ya nazi, na lile donge lililotuna kitovuni kwangu likatoweka mbele ya macho yake. Akapapasa huku, akapapasa kule. Kisha akamgeukia mavyaa wangu, Bi Asmahani, mamake mume wangu, akamwambia, "Imekimbilia mgongoni."

Mimba ya mgongo! Hapa kwetu Pangani nani asiyeijua? Mtoto hulala mgongoni mwa mamake hata miaka, mpaka atakapopenda mwenyewe kuamka. Mume wangu Uweso alikuwa Mombasa bandarini, huo mwaka wa pili, na mtaa mzima ulishanichambua kama mchele.

Bi Asmahani alifurahi kwa dhati, sina haja ya kumsingizia. "Mwanangu Semeni, Mungu amekusitiri. Hii ni ya Uweso, aliyoiacha kabla hajaondoka. Kubali, tuwafunge watu midomo."

"Nikubali nini, mama? Mimi sina mimba, ya mbele wala ya mgongo."

"Kesho kutwa anafika. Utamwambia tumbo hili la nani?"

"Langu."

Ndivyo nilivyomjibu, na leo ningemjibu vivyo hivyo. Niliumia, maana nilimpenda mama yule. Lakini ile stara aliyonipa ilikuwa ya kufunikia uchafu nisioufanya. Kuipokea ni kukiri. Na huyo mtoto asipozaliwa, je? Si wangesema nimemla?

Uweso alipofika hata hakuketi. Alilitazama tumbo, akasema ataita mashahidi anipe talaka.

"Talaka utatoa, mdomo ni wako," nikamwambia. "Lakini kwanza twende hospitali, sote watatu. Nikikutwa na mimba, nitaondoka na kanga nilizovaa."

Huko hospitali ya misheni, njia ya Muheza, nesi Benedikta alimwacha Uweso barazani, akaingia nami na mavyaa. Akanipima kizazi, kisha akanilaza chali. Donge likatoweka.

"Umeona!" akadakia Bi Asmahani. "Mgongoni hilo!"

Benedikta hakumbishia. Akanisimamisha, akaniwekea vidole kitovuni. "Kohoa."

Nikakohoa. Donge likaruka. Akauchukua mkono wa mavyaa, akauweka palepale, nikakohoa tena.

"Nyama ya tumbo imeachana hapa, mama, utumbo unachungulia nje. Akilala, unarudi ndani. Kizazi ni kitupu. Hii ni ngiri, daktari ataishona."

"Ngiri? Ngiri si ya wanaume?"

"Kwani sisi hatuna utumbo?"

Mkono wa Bi Asmahani ulibaki tumboni kwangu. "Nisamehe, mwanangu." Nikamsamehe papo hapo. Yeye angalau alinitafutia pa kujificha.

Barazani, mama alimsimulia mwanawe yote, neno kwa neno. Uweso akasikiliza, akasugua kidevu, watu wa foleni wote wakimtazama.

"Basi hebu kohoa," akaniambia, "na mimi nione."

Lo! Mbele za watu! Nilimkazia macho mpaka akainamisha yake.

"Ulisema utaita mashahidi," nikamwambia. "Waite."

Kikohozi cha kweli kilikuwa kinanikereketa kooni. Nikakimeza, nikaketi zangu kwenye benchi kumngoja daktari.